Nukuu za marabi wa zama za kati, naweza kuzitegemea kwa thisisi?

mwana_ziwa (Kisumu): Jameni nisaidieni. Nataka kuandika vile Talmudi ya Yerusalemu (kitabu cha zamani cha sheria na mafundisho ya Wayahudi) ilitufikia, na mswada wa mkono ulio karibu kamili ni mmoja tu, ule wa 1289 unaowekwa Leiden, Uholanzi, na huo huo ndio mchapishaji Bomberg alitumia kuchapisha Venice 1523. Sasa marabi (wasomi wa dini ya Kiyahudi) wa zamani walisoma nakala zingine zenye zilipotea na wakazinukuu, si hiyo ni dhahabu? Lekchara ananiambia ati nukuu ni udaku.

Mkulima wa Njoro: Udaku tena? Babu yetu Bunyore alikuwa na daftari la ukoo, mchwa wakalimaliza. Kilichobaki ni ukurasa mmoja mjomba alinakili kwa programu ya matanga, na huo tunautumia mpaka leo. Lakini mjomba aliruka bibi wa pili! Hata rabi alinukuu kwa kichwa, akafupisha, ama akatoa kwa kitabu cha mwenzake. Na kuna marabi wa zamani wa Ujerumani wanaonukuu kitu wakisema kimetoka "Yerushalmi", yaani hiyo Talmudi ya Yerusalemu, na ukitafuta kwa Leiden hakuna, si lazima iwe imepotea, saa zingine nakala yao ilikuwa imeongezewa vitu.

kaka_kakamega: Kuna mtego mwingine. Mwandishi aliyenakili kitabu cha rabi akiona nukuu haifanani na Talmudi anayoijua, anairekebisha. Kwa hivyo usiangalie nukuu peke yake, soma maelezo yake. Rabi akieleza neno ambalo halimo kwa nukuu yake mwenyewe, ujue kwa nakala yake lilikuwepo, mrekebishaji alisahau kugusa huko chini. Hapo ndipo mimi huamini. Na Rashi, rabi wa Ufaransa aliyeandika maelezo ya Talmudi ya Babeli, ile nyingine (alikufa 1105), akiandika "hivi ndivyo tunasoma", wanaonakili waliingiza masahihisho yake ndani ya Talmudi yenyewe, mpaka mjukuu wake Rabbenu Tam akalalamika. Lakini kuonyesha nukuu zinaweza kusaidia, mwambie lekchara kuhusu Mekhilta ya Rabi Shimon, maelezo ya zamani ya kitabu cha Kutoka: ilipotea, msomi Hoffmann akaiunda upya na kuichapisha 1905, hasa kwa nukuu zilizo ndani ya Midrash ha-Gadol, mkusanyo wa maelezo ya Biblia kutoka Yemen, na huo hautaji umetoa wapi! Vipande vya geniza ya Cairo (stoo ya sinagogi ya maandishi yaliyochakaa) vikaja kuonyesha alipatia wapi na wapi alikosea.

mwana_ziwa: Asanteni sana wakuu, nitatafuta neno moja la hivyo lililosahaulika kwa maelezo nimpelekee Jumatatu. Na Mkulima, bibi wa pili mlimrudisha kwa ukoo?

Mkulima wa Njoro: Wajukuu zake ndio walikuja na kalamu kwa matanga yaliyofuata 😂