Mjadala: Je, nadharia ya Gödel inazigusa kanuni za leseni za programu?

Mleta mada: Wadau, Ufafanuzi wa Chanzo Huria (orodha ya kupima kama leseni inaruhusu watu kutumia, kubadili na kusambaza programu) una vigezo 10, na bado kila ikija leseni mpya watu wanavutana. Mwanahisabati Gödel alishaonyesha mwaka 1931 kwamba kanuni zisizojipinga huacha kauli zisizoamulika, yaani haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kuongeza kigezo cha 11 ni kazi bure.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, umeruka masharti ya nadharia yenyewe. Mfumo uwe rasmi, usijipinge, aksiomu zake (kauli zake za msingi) ziweze kuorodheshwa kimashine, tena uweze kubeba jumlisha na zidisha za namba asilia. Ukiondoa zidisha kila swali linaamulika. Mwanahisabati Presburger alithibitisha hilo 1929. Leseni gani inazidisha namba?

Kupima kama leseni zinaoana, yaani zinaweza kukaa pamoja katika programu moja, ni kazi yenye mwisho: orodhesha vijenzi vya programu, andika leseni ya kila kimoja kwa "na" na "au", linganisha masharti mawili mawili. GPL, leseni inayotaka programu zinazotokana nayo zibaki huria, toleo lake la 2, ibara ya 6, linakataza kuongeza vizuizi. Apache 2.0, leseni nyingine huria, inamfutia ruhusa ya hataza (haki ya mvumbuzi) anayeshtaki kwa hataza. Free Software Foundation, watunzi wa GPL, inakihesabu hicho kuwa kizuizi cha ziada, kwa hiyo hazioani; kwa toleo la 3 la GPL la 2007 zinaoana. Wengi huanguka kwa kutosoma kichwa cha faili: "toleo la 2 pekee" si sawa na "toleo la 2 au la baadaye".

Mchangiaji wa 3: Sawa, lakini kabla ya kulinganisha lazima uamue kama vijenzi viwili ni kazi moja. Maktaba inayounganishwa programu ikiwa inaendeshwa, je? Hapo anaamua hakimu. Leseni ya JSON nayo inataka programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Haijapungukiwa na aksiomu, neno "uovu" ndilo halina mipaka.

Mleta mada: Basi namwacha Gödel, namshika Turing wa 1936, aliyeonyesha kwamba hakuna njia ya kimashine ya kuamua, kwa kila programu, kama itafika mwisho. Leseni ikisema "programu isitume kamwe taarifa za mtumiaji", chukua programu yoyote isiyotuma kitu, bandika mwishoni mstari wa kutuma. Itavunja leseni pale tu ile ya awali itakapofika mwisho. Mkaguzi wa kuamua hilo kwa kila msimbo hawezi kuwepo.

Mchangiaji wa 2: Hapo umenena. Ila mwiko huo ni wa mkaguzi wa misimbo yote. Mahakamani unaletwa mmoja, na ushahidi. Anayeandika leseni afunge sharti kwenye kitendo cha mtu, asilifunge kwenye mwenendo wa programu. Wajibu wa GPL wa kutoa msimbo chanzo huanza unaposambaza nakala.

Mchangiaji wa 3: Na hilo "unaposambaza" lenyewe? Toleo la 3 lilibidi lichague maneno mapya na kuyapa maana yake humo humo, kwa sababu sheria za hakimiliki za nchi mbalimbali hazielewi kusambaza kwa namna moja.