Kizuri chajiuza? Si Broadway

Mleta mada

Wakuu, kila mchezo mpya wa muziki unapofungwa New York, ubishi ni uleule, na leo nauleta hapa tuumalize: mchezo mpya ukikosa watu Broadway, kumbi zile kubwa za maigizo za New York, lawama ni ya nani? Wengi wana jibu la haraka, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Umekosa watu, basi ulikuwa mbovu. Mimi sikubaliani, na sababu zangu ni hizi.

Septemba 2025 gazeti la New York Times lilipiga hesabu ya michezo mipya ya muziki iliyofunguliwa Broadway tangu kumbi zirudi baada ya korona. Ilifika 46. Iliyokuwa imerudisha mtaji na kuanza kuona faida ilikuwa mitatu tu: Six, MJ na & Juliet. Sasa usiseme watu hawaendi. Msimu wa 2024–25 ndio uliovunja rekodi ya mapato ya mlangoni, dola bilioni 1.89, na waliokaa vitini walikuwa milioni 14.7. Watu wapo na pesa wanazitoa. Wanachokwepa ni mchezo mgeni.

Iangalieni hiyo mitatu. MJ ni nyimbo za Michael Jackson. & Juliet ni nyimbo za Max Martin, yule Mswidi aliyewatungia kina Britney Spears na Backstreet Boys. Six, inayowahusu wake sita wa Mfalme Henry wa Nane, ndiyo yenye nyimbo mpya, lakini ilianza kwa wanafunzi wa Cambridge walioipeleka Edinburgh mwaka 2017, nyimbo zikarekodiwa mwaka uliofuata, zikasambaa mitandaoni. Ilipangiwa kuzinduliwa Broadway tarehe 12 Machi 2020, na mchana wa siku hiyohiyo kumbi zote zikafungwa kwa korona. Ikazinduliwa Oktoba 2021. Muda wote huo mabinti walikuwa wanaziimba vyumbani kwao. Siku ya kukata tiketi hawakuwa wanabahatisha.

Hoja yangu ni hiyo. Mtazamaji wa Broadway anataka awe ameshausikia wimbo kabla ya kulipia kiti. Zamani wimbo ulimfikia. My Fair Lady ya mwaka 1956 ilifadhiliwa na CBS, kampuni iliyokuwa na redio, televisheni na lebo ya Columbia kwa pamoja, na santuri yake ikashika namba moja Marekani. Mkulima wa Ohio alikuwa anazijua nyimbo zile kabla hajapanda treni. Leo nyimbo za mchezo mpya zinapikwa gizani, zinasikika jukwaani tu, na wiki sita baadaye mchezo unafungwa huku santuri yake ikiwa bado haijatoka.

Halafu piga bei. Gawanya zile bilioni kwa watazamaji, unapata kama dola 129 kwa kiti. Baba, mama na watoto wawili wameshavuka dola 500, hoteli bado, chakula bado. Kwa bei hiyo nani ananunua mbuzi kwenye gunia? Anapeleka familia The Lion King, ambayo ipo tangu 1997 na hata sisi tunaijua kwa kuwa Simba na Rafiki ni watu wa kwetu. Anapeleka Wicked. Hadi juzi alikuwa anapeleka The Phantom of the Opera, iliyofungwa Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981.

Karibuni tubishane.

Mchangiaji, Dallas

Mkuu, umeandika vizuri ila unafunika uozo. Tammy Faye, ile ya mhubiri mwanamke wa televisheni, hukuiona? Muziki wa Elton John, mtaji hadi dola milioni 25. Ilipewa Palace, ukumbi ulioinuliwa mzima mzima futi 30 juu ili chini yatengenezwe maduka! Ilizinduliwa tarehe 14 Novemba 2024, ikafungwa tarehe 8 Desemba. Maonyesho 29. Hapo utasema nyimbo hazikusikika? Elton John hasikiki? Wakosoaji waliichana na watu wakaelewa. Mchezo ukiwa mbovu watu wananusa.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Dallas, mchezo huohuo mwaka 2022 ulikuwa London, ukumbi wa Almeida, na ulipokelewa vizuri tu. Almeida ina viti mia tatu na ushee. Palace ina zaidi ya 1,500. Londoni mhubiri wa televisheni ya Kimarekani ni kichekesho cha kigeni, mtu anaingia kwa udadisi. Marekani, Tammy Faye Bakker anakumbukwa na waliokuwa watu wazima miaka ya themanini, na wanaompenda si wateja wa Broadway, na wateja wa Broadway wengi hawampendi. Kwa hiyo ulijengewa bahari ya viti pasipo na samaki. Sisemi ulikuwa mtamu. Nasema hata ungekuwa mtamu, viti 1,500 mara nane kwa wiki ni zaidi ya watu 12,000 wa kuwatafuta kila wiki, wiki baada ya wiki.

Kuhusu Elton John, anasikika, ndiyo. Nyimbo za Tammy Faye je? Niimbie mstari mmoja.

Mchangiaji, Newark

Mimi nimo kwenye kazi hizi, upande wa mavazi, kwa hiyo naongea ninachokiona. Mnabishana juu ya nyimbo na bei kana kwamba bei imeshuka kutoka mbinguni. Ukumbi unakodishwa. Kumbi zote za Broadway ni 41, na sehemu kubwa zimo mikononi mwa wenyewe watatu: Shubert, Nederlander na ATG. Mwenye ukumbi analipwa kodi, halafu analipwa asilimia ya mapato. Kwenye mkataba mna kifungu kwamba mapato yakishuka chini ya kiwango fulani kwa wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaweza kukutoa amwingize mwingine. Kwa hiyo mtayarishaji wa mchezo mgeni hapambani na watazamaji peke yao, anapambana na foleni ya michezo inayousubiri ukumbi huohuo.

Na kabla hamjaturukia sisi na vyama vyetu vya wafanyakazi: mwigizaji wa kima cha chini anapata zaidi ya dola 2,500 kwa wiki, na akiwa New York hiyo ni kodi ya nyumba na nauli, tena mchezo ukifungwa anakaa bila kazi. Oktoba 2025 waigizaji na wanamuziki walibaki kidogo wagome, na kubwa lililokuwa mezani lilikuwa bima ya afya. Mchezo mkubwa wa muziki unakula laki kadhaa za dola kila wiki, mara nyingine karibu milioni, kabla haujamrudishia mwekezaji hata senti. Mchezo mgeni ukianza na nusu ukumbi, unavuja damu kuanzia Jumanne ya kwanza.

Mchangiaji, Toronto

Naomba nimpinge mleta mada kwa heshima. Unasema watu wanataka wanachokijua. Haya, BOOP! Betty Boop wa katuni nani hamjui? Ilikula milioni 26, ikazinduliwa Aprili 2025, Julai 13 ikafungwa. Smash ilitokana na mfululizo wa televisheni wenye mashabiki wake kufa na kupona, milioni 20, ikafungwa Juni 22 mwaka huohuo. The Queen of Versailles ilikuwa na mwigizaji nyota Kristin Chenoweth na mtunzi wa Wicked, Stephen Schwartz! Ilizinduliwa Novemba 2025, Krismasi haikuiona. Hao wote si wageni, kaka.

Mimi nadhani kuna ugonjwa mwingine: watu wamezoeshwa kusubiri nyota wa sinema. Denzel Washington na Jake Gyllenhaal walipocheza Othello, kiti kilifika dola 921 na watu walipigana vikumbo. George Clooney alipita dola milioni nne kwa wiki moja kwa mchezo usio wa muziki. Mtalii ana usiku mmoja na pesa ya tiketi moja. Akishamlipa Clooney, mchezo mpya wa muziki anaupita kama haumhusu.

Mleta mada

Dada wa Toronto, umenibana, na hapo ndipo penyewe. Betty Boop anajulikana kwa sura, anachorwa kwenye vikombe na fulana. Nyimbo za mchezo wake, za David Foster, zilikuwa mpya. Versailles vilevile: Chenoweth tunamjua, alichokuwa anaimba hatukijui. Jina linakuletea umati wa mwanzo, wale mashabiki wake. Wakiisha, anayefuata anauliza "una nini humo ndani?" na hana pa kusikia jibu.

Smash nakuachia, ile ilikuwa na nyimbo zake na bado ilianguka. Mashabiki wa televisheni waliipenda kwa fujo na umbea wake, jukwaani ikageuzwa kuwa kichekesho kilichonyooka, na mashabiki wenyewe wakawa wa kwanza kulalamika.

Nawapa kesi ninayoipenda kuliko zote, Maybe Happy Ending. Roboti wawili wachakavu katika jengo la Seoul, mmoja rafiki yake mkubwa ni mmea wa chungu, wanafunga safari kwenda kisiwa cha Jeju, mmoja akitaka kuwaona vimulimuli. Umpe mtalii wa Texas maneno hayo uone kama atatoa kadi ya benki. Ilianza kuonyeshwa ukumbi wa Belasco Oktoba 2024, na wiki za mwanzo ilikuwa chini ya dola 300,000, hesabu ambayo Newark hapo juu atakwambia maana yake. Ilizinduliwa Novemba 12, wakosoaji wakaimwagia sifa, na bado ukumbi haukujaa kesho yake. Ilichopata ni muda. Watayarishaji walivumilia, waliotoka mle ndani wakaambia wenzao, na wakati wa Krismasi hadithi ikawa nyingine. Juni 2025 ikachukua tuzo sita za Tony, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki wa mwaka.

Kizuri hicho hakikujiuza. Kilibebwa na watu waliokubali kupoteza pesa miezi ya mwanzo. Ulinganishe na KPOP ya mwaka 2022, nayo inahusu Wakorea, nayo ya nyimbo mpya: baada ya uzinduzi ilipata maonyesho 17. Inawezekana ilikuwa dhaifu kuliko ile ya roboti, nakubali. Ila katika maonyesho 17 nani amepata nafasi ya kumwambia nani?

Mchangiaji, Dallas

Hiyo ya roboti ilifufuka kwa sababu ni NZURI. Umejijibu mwenyewe mkuu. Wangapi wanavumilia mbovu wakala hasara tu?

Mchangiaji, Newark

Ni nzuri, na ilibakiza siku chache izikwe. Yote mawili kweli.

Na nyie mnaotaka kuona kwa bei ya kibinadamu, kibanda cha tiketi cha TKTS pale Times Square, chini ya zile ngazi nyekundu, kipo tangu 1973. Siku ya onyesho tiketi zinapungua hadi nusu bei. Soma ubao wake wa taa: michezo ile migeni ndiyo inajaa pale, na ile mikongwe iliyovuma zaidi huioni mara kwa mara. Ila watalii wengi siku hizi wanakata kwa simu wiki kadhaa kabla hawajapanda ndege, na wanakata majina yaleyale matano.

Mchangiaji, Nairobi

Mbona hakuna aliyemtaja Saheem Ali? Mzaliwa wa Nairobi huyo, ndiye aliyeongoza Buena Vista Social Club, iliyozinduliwa Broadway Machi 2025. Inaimbwa Kihispania na inajaza. Ndiye pia aliyemuweka Lupita Nyong'o na kakake Junior kwenye Twelfth Night kule Central Park Agosti 2025, Kiswahili kikasikika jukwaani, na watu wakapiga foleni kwa sababu tiketi ni za bure. Na Mei mwaka huohuo alikuwa na Goddess kwenye Public Theater: mchezo wa muziki unaotokea Mombasa, ndani ya klabu inayoitwa Moto Moto. Nyimbo mpya zote. Swali langu kwa mleta mada: huo ukipelekwa Broadway, utapata watu?

Mleta mada

Swali zuri kuliko mada yangu. Buena Vista inajaza kwa sababu albamu ile ya wanamuziki wa Kuba ya mwaka 1997 ilishaingia kila nyumba yenye redio kaseti. Mtu hajui Kihispania lakini anaijua Chan Chan kwa mluzi. Goddess haina mtaji huo. Public ilichezwa kwenye ukumbi wa viti 299, palepale mchezo wa Hamilton ulipoanzia, na kwa kipimo hicho Mombasa ilipata nafasi ya kupumua.

Ikipandishwa kesho kwenye viti elfu moja, kwa dola 129, bila wimbo hata mmoja kutangulia, nawapa wiki nane. Kama mimi ndiye mtayarishaji, kabla ya kusaini mkataba wa ukumbi ningetoa nyimbo nne, zikarekodiwe vizuri, mbili zenye Kiswahili ndani yake, nizizungushe mwaka mzima. Halafu ningetafuta pesa ya kupoteza kwa miezi mitatu, niiweke benki kando na ya mapambo, na nisiiguse.

Mchangiaji, Dallas

Na kama nyimbo zenyewe ni mbovu?

Mleta mada

Basi utazisikia bure, na utakuwa umeokoa dola 129.