Mrejesho: Cha kuweka nyuma ya tangi la samaki

Niliomba ushauri kuhusu kinachofaa nyuma ya tangi langu: picha ya miamba, rangi moja, au ukuta wa sponji ngumu unaogandishwa ndani kwa gundi ya silikoni. Nawashukuru nyote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa wengi, nikachagua plastiki nyeusi ya gundi isiyong'aa na kuibandika nje ya kioo, kwani ukuta wa ndani ungekula nafasi ya maji na kuwaachia samaki wadogo upenyo wa kunasa nyuma yake. Ule ujanja wa kunyunyizia kioo maji yenye tone la sabuni, kisha kusukuma mapovu kwa ukingo wa kadi kuanzia katikati kwenda pembeni, ulifanya kazi vizuri mno, ilimradi sabuni isiingie ndani ya tangi. Waya na mipira ya chujio haionekani tena, na buluu ya neoni tetra, wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu, imekolea ajabu.

Hata hivyo, kambare wangu mweusi hutoweka kabisa akisogea nyuma, na kwenye kona ambako chujio hudondosha maji plastiki imeanza kubanduka. Selotepu haikusaidia. Tangi likiwa tupu, nitajaribu pendekezo la kupaka rangi kioo kwa nje.