Naomba ushauri: siku moja Harlem na mama yangu

Mtoto wa Pangani:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama amekuja kutoka Tanga kunitembelea hapa New Jersey, na Jumamosi ijayo ningependa kumpeleka Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi jijini New York anaousikia tangu ujana wake. Ni muuza vitenge, hali nguruwe, na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu. Tuanzie wapi, na tule wapi?

Mkazi wa Zamani:
Marahaba. Anzeni barabara ya 125, kwenye ukumbi wa Apollo, ambako Ella Fitzgerald alishinda shindano la wasanii chipukizi mwaka 1934. Kisha mle Sylvia's, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1962, wenye kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi na mboga ya majani ambayo mama ataitambua mara moja kuwa ni sukuma wiki.

Mama Ntilie:
Ndugu yangu, hiyo sukuma wiki ndiyo ya kuangalia. Kwa mapishi ya kusini mwa Marekani, ambayo ndiyo asili ya chakula hicho, mara nyingi huchemshwa pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, hivyo muulizeni mhudumu kabla ya kuagiza.

Mimi ningeanza barabara ya 116, kwenye soko la Malcolm Shabazz, walikohamishiwa wachuuzi walioondolewa kando ya barabara ya 125 mwaka 1994. Wauzaji wengi ni wa Afrika Magharibi. Nilipompeleka shangazi yangu, alishika pindo la kitenge, akalifikicha, akakigeuza kuona kama rangi imepenya hadi upande wa pili, ndipo akauliza bei. Muuzaji alisema Kiwolofu, shangazi Kiswahili, wakapatana kwa kuandikiana tarakimu kwenye simu, na kwa kweli sikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kushika mfuko.

Chakula kipo barabara hiyohiyo, upande wa magharibi, kwa Wasenegali: wali wa chenga uliopikwa kwa samaki na nyanya, au mchuzi wa karanga. Wapishi wengi ni Waislamu, ila kuuliza si ujinga.

Mkazi wa Zamani:
Nakubali, nguruwe nilimsahau. Basi pandeni treni namba 2 au 3 kutoka Penn Station hadi 116, na mkishakula mchukue basi kwenda maktaba ya Schomburg, barabara ya 135, badala ya kumpandisha mama ngazi za treni tena. Chini ya sakafu ya ukumbi wake yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes, na mama atapata pa kukaa.

Mtoto wa Pangani:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yenu, na amenisimamisha kwenye habari za soko. Anasema atabeba kanga doti mbili, aone kama kuna atakayekubali kubadilishana.