Wakuu, bakteria mmoja anatoa rangi mbili kwenye Gram, niandike nini?

Mdau_wa_Petri: Wakuu, habari za jioni. Nasoma diploma ya maabara, nimepewa koloni (kirundo cha bakteria) nilitambue. Ni vijiti. Nikipaka Gram (rangi za kugawa bakteria: chanya hubaki zambarau, hasi huwa waridi) naona zambarau na waridi, tena kwenye mnyororo mmoja! Nimeotesha upya kutoka koloni moja, sioni mchanganyiko. Ripoti Jumatatu. Chanya au hasi?

Binti_Hadubini: Ulilipaka likiwa na umri gani?

Mdau_wa_Petri: La wiki iliyopita, dada.

Binti_Hadubini: Hapo ndipo penye tatizo. Kristali vayoleti (ile rangi ya zambarau) na ayodini huungana kuwa bonge ndani ya seli, na ukuta mnene wa peptidoglikani (wavu wa sukari na protini) ndio unaolizuia lisitoke spiriti ikipita. Seli zikizeeka ukuta unachakaa, bonge linatoka, safranini, rangi ya waridi, inachukua nafasi. Bacillus, jenasi ya bakteria wa vijiti, ndio zake. Otesha tena, paka kabla ya saa 24. Spiriti iwe sekunde chache tu. Matone yakianza kutoka bila rangi, suuza haraka.

Fundi_Slaidi: Naongezea: rangi peke yake usiiamini. Weka tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, koroga na koloni, kisha inua kijiti polepole. Gram hasi wana ukuta mwembamba na utando wa nje wenye lipopolisakaridi (mafuta yaliyoungwa na sukari). Alkali inaupasua, DNA inamwagika, inavutika kama mlenda. Chanya kwa kawaida haivuti. Vaa glavu, hiyo kitu inachoma.

Chumvi_Pwani: Na wale vijidudu wekundu wa mashamba ya chumvi?

Fundi_Slaidi: Hao si bakteria mkuu, ni akea, kundi jingine la viumbe wa seli moja. Wanasayansi Woese na Fox waliwatenga mwaka 1977 kwa RNA ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini). Hawana peptidoglikani kabisa, na mafuta ya utando wao yameungwa kwa kiungo cha kikemia kiitwacho itha, si esta kama yetu. Gram kwao haikwambii kitu. Tena ukiwatia kwenye maji yasiyo na chumvi wanapasuka hata hujawapaka.

Mdau_wa_Petri: Mrejesho: koloni jipya ni zambarau tupu, na kijiti hakikuvuta uzi. Naandika Bacillus?

Binti_Hadubini: Andika Gram chanya kwanza. Jina lisubiri uone spora (umbo gumu la kujihifadhi ndani ya seli): paka rangi ya malakaiti ya kijani, pasha kwa mvuke, kisha safranini. Na lile koloni la zamani usilitupe, spora utazikuta humo.