Vishikwambi darasani: mtoto amejifunza nini?

KIPIMO: Wakuu, kila tukizungumzia teknolojia darasani tunaishia kuhesabu: vishikwambi vingapi, shule ngapi zina intaneti. Swali langu ni moja. Mwanafunzi anaweza nini leo ambacho asingekiweza bila kifaa? Mwenye ushahidi aulete. Na niseme wazi, walimu wengi projekta imewapumzisha tu. Wanasoma slaidi, kengele ikilia wanachomoa waya, wanaondoka.

MWALIMU WA HESABU: Ungeishia kwenye swali ningekujibu vizuri. Hiyo sentensi ya mwisho imenichoma. Juzi nimekesha hadi saa saba usiku natengeneza grafu inayobadilika, ili wanafunzi waone mstari unavyosimama au kulala mteremko ukibadilishwa. Asubuhi projekta ikagoma kuwaka. Nikashika chaki, nikachora mistari sita kwa mkono. Huyo ndiye mwalimu aliyepumzika?

BUNDI: Mwalimu, hujatajwa wewe. Turudi kwenye ushahidi. Kuna ule mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, nadhani ulikuwa Brazil. Walipokuja kupima wakakuta hakuna kitu.

MSOMAJI: Ni Peru, Bundi. Tathmini ilitoka 2012, ikahusisha shule za msingi 319 za vijijini. Hisabati na lugha hazikupanda, hilo kweli. Ila vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri vilionyesha nafuu kidogo, kwa hiyo "hakuna kitu" umezidisha.

BUNDI: Peru, Brazil, hoja ni ile ile. Pesa imekwenda.

MSOMAJI: Si ile ile. Chukua India. Utafiti wa Delhi uliochapishwa 2019 ulihusu programu inayoanza kwa kupima mtoto amefikia wapi, bila kujali amekaa darasa la ngapi. Wa darasa la sita walikuwa nyuma katika hisabati kwa zaidi ya madarasa mawili, kwa wastani. Programu ikawapa maswali ya pale walipo. Baada ya miezi minne na nusu waliwapita waziwazi, katika hisabati na Kihindi, wenzao waliokosa nafasi kwenye bahati nasibu ya kuingia kwenye programu. Hiyo ni kazi ambayo mwalimu mmoja mbele ya watoto wa viwango vitano tofauti hawezi kuifanya.

MWALIMU WA HESABU: Kwanza tumepumzika, sasa hatuwezi. Haya. Basi ieleze habari yote: vile vilikuwa vituo vya baada ya masomo, na nusu ya muda watoto walifundishwa na msaidizi katika vikundi vidogo. Haikuwa darasani, wala haikuwa mashine peke yake. Nashikilia hapa kwa sababu nusu ya habari ndiyo inayofika kwa wanaonunua vifaa, na mzigo unarudi kwangu.

MSOMAJI: Hapo umenipata, nimeliruka. Lakini "hawezi" sikusema kwa dharau. Hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari hamsini papo hapo.

MAMA WAWILI: Jamani, wazazi nasi tusikilizwe. Mwanangu mdogo anatelezesha kidole kwenye kioo vizuri kuliko anavyoshika kalamu. Uswidi wenyewe, waliotangulia kwenye mambo haya, mwaka 2023 serikali yao imeamua kurudisha vitabu vya karatasi. Hilo halimshtui mtu?

BUNDI: Asante mama! Simu na vishikwambi vyote nje.

MAMA WAWILI: Sikusema vyote nje, usinitie maneno mdomoni. Mwanangu mkubwa haoni vizuri. Kishikwambi kinamkuzia maandishi na kumsomea. Kabla yake alikuwa anasubiri mwenzake amnong'oneze kilichoandikwa ubaoni. Wewe ukimnyang'anya, utamnong'oneza wewe?

BUNDI: Samahani mama. Huyo simgusi.

KIPIMO: Naona PISA ya 2022, ule upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, inawagusa nyote. Waliotumia vifaa kujifunzia hadi saa moja kwa siku shuleni walipata alama nyingi kuliko wasiovitumia kabisa. Na waliovurugwa na vifaa vya wenzao katika somo la hisabati walipata alama 15 pungufu kuliko wasiovurugwa. Haithibitishi kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, ila inatosha kutuonyesha kwamba aliyekaa jirani na mwenye kifaa naye apimwe.

MWALIMU WA HESABU: Umeleta PISA, lakini neno lako la kwanza hujalifuta.

KIPIMO: Nililisema kwa sababu mwanangu amekaa muhula mzima akinakili slaidi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameelewa nini. Sikupaswa kulitupa kwa walimu wote. "Wengi" nalifuta.

MWALIMU WA HESABU: Nimepokea. Kuhusu swali lako, ninayo mikondo miwili. Mada ya mteremko nitaufundisha mmoja kwa grafu ya kwenye skrini, mwingine kwa chaki. Baada ya wiki mbili mtihani wa karatasi, vifaa vyote kabatini, na swali moja liwe la kueleza kwa maneno.

MSOMAJI: Mikondo inalingana? Mmoja ukiwa na nguvu tangu mwanzo, utapima mkondo badala ya grafu.

MWALIMU WA HESABU: Hailingani, A wako mbele. Basi A wachukue chaki. Na mada inayofuata nawabadilishia.

BUNDI: Na projekta ikigoma tena?

MWALIMU WA HESABU: Naandika siku hiyo kwamba imegoma. Hilo nalo ni tokeo.