Naomba ushauri: kufikisha misuli ya nyangumi Nairobi ikiwa salama

Hamjambo wenzangu. Naandaa pendekezo la uzamivu hapa Nairobi, kuhusu nyangumi wanavyohifadhi oksijeni misulini wakizamia. Sampuli zitatoka kwa mizoga inayosukumwa ufukweni Pwani, na hapo ndipo penye kazi: tabaka la mafuta huzuia joto lisitoke, kwa hiyo nyama ya ndani huharibika upesi hata ngozi ikionekana nzima. Vimeng'enya hupoteza nguvu mapema. Mayoglobini, protini inayoshika oksijeni misulini, huvumilia zaidi, na hupimwa kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) kwenye nanomita 538 na 568, baada ya kupitisha kaboni monoksidi na kuongeza dithionaiti, kemikali inayoondoa oksijeni. Ndiyo maana nimeiegemea, nikikata vipande vidogo vya msuli mrefu wa mgongo, ndani kabisa.

Je, mnasafirishaje sampuli kutoka Mombasa? Barafu kavu hutoa kaboni dioksidi, hatari ndani ya gari lililofungwa. Naitrojeni ya kimiminika je, inapatikana huko? Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nakielewa. KWS, Shirika la Wanyamapori, wanadai nini kwa mzoga? Kupimia ng'ambo sitaki: nyangumi wakubwa wamo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, lazima vibali vya nchi zote mbili.

Na msimamizi anayejua fiziolojia, si idadi ya wanyama tu, nimtafute wapi?